Nilifuta Kitabu cha Mwalimu kwa Kuona Haya Kuuliza Namba

Kosa ni langu, na sina wa kumsingizia. Si mashine, si stima, si mvua. Ni mimi. Nalisema mapema ili usije ukanihurumia kabla hujasikia nilichofanya.

Jina langu nitalificha, maana mama yangu bado yuko hai kule Kanja na husomewa gazeti kila Jumapili baada ya misa. Hata padre nilimwambia nusu tu. Wewe nitakwambia yote.

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na sita nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimemaliza kozi ya kompyuta ya miezi mitatu mjini Embu, na cheti changu kilikuwa na muhuri mwekundu. Woi, nilivyojiona! Kijijini kwetu hakuna aliyekuwa amegusa kompyuta. Nilitembea na kile cheti ndani ya bahasha ya kaki hata nikitumwa chumvi.

Ndipo nikapata kazi Nkubu, kwa mwalimu mmoja mstaafu. Nitamwita Mwalimu tu, kama nilivyomwita siku zote. Alikuwa na presha ya macho na aliona kwa taabu. Mwanawe wa Nairobi alikuwa amemletea kompyuta, na alitafuta mtu wa kumpigia chapa. Yeye aseme, mimi nipige. Yeye Mmeru, mimi Mwembu, kwa hivyo tuliongea Kiswahili, na kitabu chenyewe kikaandikwa kwa Kiswahili.

Kitabu kilimhusu mke wake, marehemu Karimi. Alikuwa amezikwa miaka mingi nyuma, na mjukuu wa kwanza wa kike alipozaliwa akapewa jina lake, kama ilivyo desturi. Basi Mwalimu alimwita yule mtoto "bibi yangu", yaani mke wangu, mtoto wa miaka mitano! Akitoka nasari anaulizwa, "Bibi yangu, umeniletea nini?" Mtoto anacheka mpaka anakaa chini, halafu anampa jani la mkahawa.

"Huyu amebeba jina la mtu ambaye hakumwona," Mwalimu aliniambia siku ya kwanza. "Nikiondoka, atamuuliza nani jina hili lilikuwa la mtu wa aina gani? Wanangu walimjua kama mama. Mimi ndiye niliyemjua akiwa Karimi."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Kumwandikia mtoto yule jina lake.

Kila siku baada ya chai ya saa nne tulikaa kwenye chumba cha mbele. Dirisha linatazama migomba na mikahawa. Mwalimu anakaa kwenye kiti cha mbao, mikono juu ya mkongojo, anasema polepole kama anayeandikisha darasa imla. Nami napiga. Karimi alivyojifunza kuandika jina lake kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni. Karimi alivyomkatalia chifu kuingia shambani na viatu vyenye matope. Karimi alivyomficha ndama chini ya kitanda. Tulienda hivyo mwaka mzima na zaidi, na kitabu kikafika kurasa mia moja na kumi na sita.

Sasa sikiliza uchafu wangu.

Mwalimu alikuwa ameninunulia pakiti ya disketi kumi. Kila Ijumaa aliniuliza, "Umeweka nakala?" Nami nilijibu, "Nimeweka, Mwalimu." Mara ya kwanza na ya pili niliweka kweli. Baadaye watu wa Nkubu walipojua kuna msichana wa kompyuta, wakaanza kuniletea kadi za harusi na programu za matanga. Mwalimu akienda kupumzika mchana, mimi najipigia kazi zangu kwa mashine yake, na nazihifadhi kwenye disketi zake. Nilikuwa najiambia imebaki moja au mbili za kitabu. Sikuwahi kuangalia.

Mwezi wa tatu, mwaka wa tisini na saba, mwanawe alimchukua kwenda Nairobi kwa daktari wa macho. Walikaa siku nne. Nyumbani tulibaki mimi na Mama Karimi, yaani mama wa yule mtoto, mke wa mwanawe mwingine.

Siku ya kwanza tu, stima ilikatika ghafla nikiwa katikati ya kadi ya harusi. Iliporudi, kompyuta ikakataa kuamka. Kioo cheusi, maandishi meupe, faili fulani imepotea. Lakini nilikuwa nimefundishwa hilo. Unaweka ile sidii iliyokuja na kompyuta, unaiweka upya programu kuu, ile inayoiamsha mashine, na kazi za watu zinabaki pale pale zilipokuwa.

Nikaweka sidii. Ikaenda vizuri, halafu ikasimama. Ikataka namba ya leseni.

Kwani mimi nilishtuka? Wapi! Chuoni kwetu Embu namba ya leseni iliandikwa kwa chaki kwenye pembe ya juu ya ubao, na chini yake herufi kubwa: USIFUTE. Kompyuta zote sita zilitumia namba hiyo. Niliijua kama Baba Yetu. Kichwani mwangu hiyo ndiyo ilikuwa namba ya kompyuta zote za dunia.

Nikaipiga. Mashine ikasema namba si sahihi.

Nikaipiga tena polepole. Si sahihi. Nikabadilisha sifuri nikaweka herufi O. Si sahihi. Mara ishirini, mara thelathini, jasho linanitoka kwapani na mwezi wa tatu kwetu kuna baridi ya mvua. Nikafungua saraka za meza, nikatoa kila kitu. Kulikuwa na kijitabu kilichokuja na ile sidii, nilikuwa nimekiona zamani, na namba yake ilikuwa kwenye jalada. Hakikuwepo.

Mama Karimi akachungulia mlangoni. "Kuna shida, dada?"

"Hakuna," nikasema. "Naisafisha."

"Kama kuna kitu kinakosekana, nitapiga simu kwa shemeji. Mwalimu yuko kwake."

"Nimesema hakuna shida, Mama Karimi! Hii ni kazi ya watu waliosoma."

Aki, nikikumbuka uso wake. Alirudi jikoni. Na pale pale mlango wa kuokoka ulikuwa umefungwa, na mimi ndiye niliyeufunga. Simu moja! Nilikuwa nimejisifu mno mbele yao. Nitasemaje sijui namba? Watasema cheti changu ni cha nini?

Nikashuka sokoni, nikaingia kibanda cha simu, nikampigia Njeru, kijana tuliyesoma naye chuoni, aliyebaki pale kama mwalimu msaidizi. Akacheka. "Sidii yako ni ya aina nyingine, haiwezi kukubali namba ya ubaoni. Nitakutumia yetu na gari la asubuhi. Wewe futa diski yote, uanze upya. Ni kama kufagia nyumba." Halafu akaacha kucheka. "Lakini kazi zako una nakala, sivyo?"

"Ninazo," nikasema.

Ona jinsi uongo ulivyo mwepesi! Hata sikumeza mate.

Kesho yake sidii ikafika. Nikaweka disketi ya kuamshia mashine, nikaandika amri ya kufuta. Mashine yenyewe iliniuliza kama nina hakika, kwamba kila kitu kitapotea. Mashine ilikuwa na busara kuniliko. Nikabonyeza Y.

Ilichukua kama nusu saa. Nilikunywa chai nikiitazama ikihesabu. Halafu nikaweka sidii ya Njeru, nikapiga namba ya ubaoni, ikakubali mara moja. Nikapiga makofi peke yangu kama mjinga. Kompyuta ikawaka, safi, mpya, na haina kitu.

Ndipo nikachukua zile disketi. Ya kwanza, kadi za harusi. Ya pili, programu ya matanga. Ya tatu, harusi. Zote kumi, jameni! Mbili zilikuwa bado zimeandikwa KITABU kwa mkono wangu, na ndani kuna maua ya pembeni ya kadi. Niliinamisha kichwa juu ya kibodi, nikalia mpaka herufi zikanichapa kwenye shavu.

Mwalimu alirudi siku ya nne, macho yamefungwa bendeji. Mwanawe aliniita pembeni. Daktari alikuwa amejaribu, lakini wamechelewa, hakuna la kufanya. Mwalimu hataona tena.

Nilikuwa nimepanga kusema. Kweli nilikuwa nimepanga. Lakini Mwalimu akapapasa mpaka akakipata kiti chake, akakaa, akasema, "Si neno. Kitabu kiko. Sasa wewe utakuwa macho yangu. Nisomee mahali pa makaa na ukuta."

Nami nikawasha kompyuta ili asikie inanguruma, nikakaa mbele ya kioo kitupu, nikaanza kusoma.

Ndiyo. Nilimsomea kitabu ambacho hakikuwepo.

Nilikuwa nakumbuka mengi, kwa sababu nilikuwa nimeyapiga kwa vidole. Nisipokumbuka, nabuni. Nikiona nimebuni kidogo, naongeza machozi. Wakati mwingine aliinua kichwa. "Mimi niliandika hivyo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi nilikuwa naandika vizuri kuliko nilivyodhani."

Wueh! Ingekuwa ni kisu, ningekufa siku hiyo.

Utaniuliza kwa nini sikuyapiga chapa upya pale pale. Angesikia vidole, na tangu apofuke hata mchana hakutoka tena chumba kile. Mtu anayesoma hapigi kibodi. Na kila wiki iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi, maana sasa si kufuta tu, ni kumdanganya kipofu kila siku saa nne baada ya chai. Akitaka kuongeza sura mpya, namwambia tupitie kwanza zilizopo tusahihishe. Alikubali. Alikuwa mtu wa kukubali. Miezi minane ikaisha hivyo.

Ikaja mvua ya El Niño. Wewe unaikumbuka. Barabara zilikatika, migomba ikalala, na mabati yalipiga kelele mpaka mtu anaongea kwa kupaza sauti. Siku moja mvua ikanyamaza kidogo mchana, nami nikawa nasoma mahali pa ndama chini ya kitanda. Nilikuwa natazama nje dirishani, nimezoea, hata kioo sikuangalia tena. Nikasoma pengine robo saa. Mwalimu alikuwa ametulia sana, kidevu juu ya mkongojo.

Mama Karimi akaingia na chai. Akasimama katikati ya chumba. "Kwani mnasomaje na stima imepotea?"

Nikageuka. Kioo kimekufa. Taa ya kibonyezo imekufa. Ile ngurumo ya mashine haipo, na nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba tulisikia maji yakidondoka kwenye pipa.

Mwalimu hakugeuza hata uso. "Ananisomea kutoka kichwani," akasema. "Huyu msichana anakijua kitabu chote. Weka chai, mama."

Alinifunika! Mbele ya Mama Karimi, niliyemtolea maneno ya kiburi, mzee yule alinifunika. Mama Karimi akaweka chai akatoka.

"Tangu lini?" Mwalimu akaniuliza.

"Tangu ulipokwenda Nairobi, Mwalimu."

Nikamwambia yote. Namba ya ubaoni, simu ya Njeru, disketi, harusi za watu. Nilipiga magoti kabisa, sikujali. Yeye alisikiliza hadi mwisho. Halafu akaanza kusema tarakimu. Sifuri, tisa, sita, tano. Akaendelea, moja moja, kama mwalimu anayeita rejista, mpaka zikaisha zote.

"Hiyo ndiyo uliyokuwa unaitafuta?"

Nikamshika miguu.

"Mwanangu aliniambia kijitabu kile kikipotea mashine itatusumbua. Nikakifungia sandukuni pamoja na hati ya shamba. Na kwa kuwa macho yalikuwa yanaondoka, namba nikaikariri. Ungepiga simu Nairobi, ningekusomea nikiwa kitandani."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Kufuta nimekusamehe. Mtu hufuta. Nilijua kuna jambo, maana Karimi wangu hakuwahi kulia sokoni, na wewe umemliza huko mara mbili. Nikasema labda uzee wangu umesahau." Akauweka mkongojo chini. "Lakini miezi minane, msichana wangu. Nilikuwa na miezi minane ya kusema, na nimeimaliza nikikusikiliza wewe."

Ngai wangu! Maneno hayo nalala nayo mpaka leo.

Kesho yake tukaanza upya. Kompyuta alikataa. Alinituma dukani kununua daftari la jalada gumu, nikaandika kwa kalamu. Sasa alisema haraka, bila mpangilio, akiruka huku na huku, na nilimsikia anahema. Siku tisa tulipata kurasa kumi na moja. Ya tisa alifika mahali pa barua ya uhamisho, alipotumwa kufundisha Ishiara, kule mbali kwenye joto, naye akataka kuacha kazi kabisa. Nikaandika: "Karimi alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa. Akaniambia..."

Mwalimu akacheka, akapangusa macho yale yasiyoona. "Ngoja. Hayo ni matamu, na nimechoka. Nataka niyaseme nikiwa na nguvu. Tutaanzia hapo kesho."

Alfajiri Mama Karimi alimkuta mdomo umeenda upande. Kiharusi. Akaishi wiki mbili bila kusema neno, akimshika yule mtoto mkono. Tulimzika matope yakifika magotini, na ile mikono yake iliyoshika chaki miaka mingi ikaenda naye.

Mimi nilirudi Kanja. Kompyuta sijagusa tena. Nachuma chai ya mama yangu.

Mwaka huu mwezi wa nane nikajikaza, nikaenda Nkubu kumsalimia Mama Karimi na kumwomba msamaha wake pia. Alinipikia. Hakunisimanga, na afadhali angenisimanga. Mtoto Karimi sasa ana miaka minane na anasoma vizuri. Akaleta lile daftari, limekunjika pembe kwa kusomwa, akafungua ukurasa wa mwisho, akaweka kidole.

"Shangazi, mama anasema wewe ndiye uliandika. Hapa nyanya alimwambia babu nini?"

Sikia sasa sehemu inayonimaliza. Maneno hayo nilikuwa nimewahi kuyapiga chapa, katika kile kitabu cha kwanza. Namkumbuka Mwalimu akicheka siku ile pia. Nakumbuka hata kadi niliyokuwa nikiifikiria wakati vidole vinapiga: ya bwana harusi mmoja wa hapo mjini, na maua yake ya pembeni, na jinsi nilivyokuwa nikihesabu nitaimaliza saa ngapi. Maua nayakumbuka. Maneno ya Karimi siyakumbuki hata moja. Yalipita kwenye mikono yangu nami sikuwa nasikiliza.

Mtoto alikuwa ananingoja, kidole pale pale. Na kubuni nilijua, nani anajua kubuni kuniliko? Ningemwambia neno moja zuri, angelibeba mpaka uzeeni, na hakuna duniani ambaye angejua.

"Sijui, Karimi," nikamwambia. "Babu yako aliyasema yote, nami nikayafuta. Tulipoanza tena muda ukaisha."

Mtoto akachukua penseli yake ya shule, na pale sentensi ilipokatika akachora mstari mrefu, kama ule wa mtihani unaoachiwa jibu, akafunga daftari.

Ewe unayesoma, pengine umeajiriwa juzi na cheti chako bado kinanukia wino. Ukikwama, sema umekwama. Ukiharibu, nenda ukaseme leo hii mchana, mwenye kitu akiwa bado anaweza kukuambia tena. Mimi nilisubiri, na kuna mtoto Nkubu ana mstari mtupu ambao siwezi kumjazia.